Kaisari Nyuma ya Pazia

Ukitaka kunichosha, ndugu msomaji, niwekee sinema ya Warumi yenye farasi elfu, tarumbeta na mtawala anayeinua mkono umati ukipiga kelele. Ninayoipenda mimi haina hata kimoja cha hivyo. Inaitwa Geschichtsunterricht, yaani Somo la Historia. Danièle Huillet na mumewe Jean-Marie Straub waliitengeneza mwaka 1972 kutokana na riwaya ya Bertolt Brecht kuhusu Julius Kaisari. Brecht alifariki mwaka 1956, hajaimaliza.

Kaisari mwenyewe hatokei, ukiacha sanamu. Kijana wa suti ya kisasa anawahoji watu wa enzi zake: mwenye benki, mwanasheria, mshairi na mkulima aliyewahi kuwa askari. Hao wamevaa nguo za kale, na wala hakuna anayeshangaa!

Hadithi tuliyozoea ni kwamba Kaisari alitekwa na maharamia, akakombolewa kwa talanta 50, kisha akarudi kuwasulubisha. Mwenye benki anaifumua taratibu kama mtu anayekagua hesabu. Kumbe bwana mkubwa alikuwa akipitisha watumwa kwa magendo, na ile fedha ilikuwa fidia kwa wafanyabiashara aliowaingilia. Ushujaa wote ukawa biashara.

Mara tatu kijana anaendesha kigari chake Roma ya leo, kila safari kama dakika 10, bila neno. Kamera iko kiti cha nyuma. Jamani, inachosha kweli. Lakini baada ya maneno yote yale ya wakubwa, unaanza kuwaona wapita njia na mafundi wa vichochoroni, watu wasiotajwa majina katika hesabu za benki.

Wengi wetu Kaisari tulimjua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963. Humo wakubwa husema kwa lugha tamu, na utamu huo hunivuta hadi leo. Nina hadithi ya mheshimiwa mmoja, haijaisha. Kila nikimpa nafasi aseme, anapendeza, na kalamu inamtumikia yeye. Basi nimemtoa nje. Sasa wanazungumza dereva wake, mama ntilie anayemdai na karani anayemtunzia daftari.

Na wewe unayeandika, mkubwa wako umemsikia kwa nani?