Ungo, Baba na Mtoto

Jambo tunalotaka kuwasimulia leo ni dogo. Halikutoka nje ya lupango letu pale Katuba, mjini Lubumbashi. Lakini lilitufundisha sisi tuliozoea kuwafundisha wengine, na kwa hiyo twaona yafaa tuwagawie.

Ilikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka 2024. Mashindano ya mpira ya mataifa ya Afrika yalikuwa yakichezwa Côte d'Ivoire, na mji wote ulikuwa ukizungumza habari za Leopards wetu. Mtakumbuka ya kuwa walitoka sare mara tatu, na Zambia, na Maroko, na Tanzania, wakapita kwa shida. Mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka 15, alikuwa akitoka nyumbani mangaribi, na siku za mpira hakurudi ila usiku wa manane. Tulipomwuliza alikotoka, alijibu kwa neno moja tu: «Kutazama.» Tulipopandisha sauti, hata neno lile moja likakoma.

Usiku wa tarehe 24, baada ya mchezo wa Tanzania, tulimngoja mlangoni. Tulimwita mzururaji na mtoto wa vilabu vya pombe. Tulisema na mengine ambayo hatupendi kuyarudia hapa. Yeye aliinamisha kichwa, akapita, akalala. Tangu usiku ule hakusema nasi ila salamu za asubuhi.

Mama wa watoto alikuwa amesikia yote. Kesho yake alituambia kwa upole: «Baba, kama ni picha zinazomtoa mtoto nyumbani, basi zilete hizo picha nyumbani.»

Tulikuwa tumeweka feza kidogo kwa kununua mabati ya jiko. Tulizitoa, tukanunua ungo wa sentimita 80, dekoda, na waya wa meta ishirini, tukalipa na mwezi mmoja wa kutazama. Muuzaji alituuliza kama twataka fundi. Tukakataa. Je, hatukusoma fizika na jometri seminarini? Mtu anayewafundisha watoto pembe na duara atashindwaje kuelekeza ungo? Ndivyo tulivyojisemea, na majivuno yakawa ndiyo feza tuliyolipa mahali pa fundi.

Sasa, kwa faida ya wasomaji ambao hawajakishika chombo hiki, yafaa tueleze kazi yake. Setilaiti za televisheni zimewekwa juu ya ikweta, umbali wa kilometa karibu 35,800 kutoka ardhini. Kwa kimo hicho setilaiti hulizunguka duara lake kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, na kwa hiyo yaonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja angani. Mwingereza mmoja, Arthur C. Clarke, aliliandika wazo hilo mwaka 1945. Na mwaka 1964 Wamarekani walirusha Syncom 3, ya kwanza kusimama hivyo juu ya ikweta. Setilaiti tuliyoitafuta sisi ilikuwa kwenye digrii 16 za mashariki. Ukishusha kamba kutoka kwake mpaka chini, ingegusa nchi ya Kongo-Brazzaville, si mbali na mji wa Makoua.

Kwa mtu wa Lubumbashi, mahali pale ni upande wa kaskazini-magharibi, juu sana angani, karibu digrii 71 kutoka upeo wa macho. Ukikosea digrii moja tu, kule juu umekosea kilometa zaidi ya 600. Kwa hiyo mkono wa fundi hauna budi kuwa mtulivu.

Jumamosi tarehe 27 tulianza asubuhi. Tulisimika nguzo ya chuma pembeni mwa nyumba, tukaipima kwa timazi ili isiegemee upande wowote, kwa maana nguzo ikiinama, hesabu zote zitapotea. Tulitafuta kaskazini kwa dira, tukisimama mbali na nguzo na mabati, kwa sababu chuma huidanganya dira. Tuliuangalia na mwembe wa jirani, tukaona matawi yake hayafiki njiani. Mpaka hapo tulifanya vema, na hatuoni haya kusema hivyo.

Kisha tukachukua kipimapembe cha darasani, tukakitundika uzi wenye jiwe dogo, tukakiweka juu ya uso wa ungo. Tukauinamisha mpaka uso wenyewe ukaonyesha digrii 71. Ungo ukalala karibu kama sahani ya mezani. Tukakaza vyuma, tukavuta waya, tukaufunga kwenye dekoda.

Katika dekoda kuna ukurasa wa kuchagua setilaiti na kuandika hesabu za mawimbi yake, kama yasimama wima au yalala, na kasi yake. Chini ya ukurasa huo kuna mistari miwili. Wa kwanza ni wa Nguvu, wa pili ni wa Ubora. Mtoto wetu tulimwamuru akae mbele ya televisheni asome mistari ile, na dada yake mdogo asimame mlangoni atuletee habari. Sisi tulikuwa juu ya ngazi.

«Ngapi?» tukapaza sauti.

«Nguvu 84, Ubora sifuri!» akajibu msichana.

Tukafurahi kwa ile 84. Tukasogeza kidogo upande wa kushoto. «Ngapi?» Nguvu 84, Ubora sifuri. Tukasogeza kulia. «Ngapi? Sema upesi!» Ni vilevile. Jua likapanda, mabati yakawa ya moto, majirani wakakusanyika ukutani kutoa mashauri. Tukaanza kumkaripia mtoto aliye ndani kana kwamba yeye ndiye anayezuia picha. «Unasoma sawasawa wewe? Au umelala?» Hakujibu kitu. Saa sita mchana wingu la mvua likatokea upande wa Kafubu, nasi tukashuka ngazi, mikono ikitetemeka kwa hasira na uchovu.

Tulipoketi barazani, mtoto akatoka ndani, akasimama mbele yetu. Akasema pole pole, macho yake chini:

«Baba, ile Nguvu si setilaiti. Yasema tu kwamba waya ni mzima na jicho lapata umeme. Hata ungo ukitazama ukuta, Nguvu itakuja. Kitu cha kutafuta ni Ubora.»

Tulinyamaza. Akaendelea:

«Na tena, Baba, ungo huu mkono wake uko chini. Hautazami unakoelekea. Mawimbi yanatoka juu zaidi, yanaupiga kwa mshazari, yanarudi kwenye jicho. Ukiweka uso wake digrii 71, wenyewe unatazama nyuma ya kichwa chetu.»

Wasomaji wapenzi, tulikwenda tukautazama ungo ule kama kwamba hatujauona bado. Ndivyo ulivyo kweli. Wamewaza kuuweka mkono upande wa chini ili jicho lisiutie ungo kivuli. Na kwa sababu hiyo uso wake husimama zaidi kuliko mahali unapopokea, kwa digrii ishirini na zaidi kidogo. Hesabu yetu ilikuwa sawa, lakini ilipimwa juu ya kitu tusichokijua.

«Nani alikufundisha hayo?» tukauliza.

Akataja fundi mmoja wa mtaa wa pili. Kwa majuma mengi, kila siku baada ya masomo, alikuwa akimbebea fundi yule ngazi na waya, na jioni hutazama mpira katika karakana yake, juu ya televisheni ndogo ya kujaribia. Hakuwa amekanyaga hata mara moja katika vilabu vile tulivyomtajia. «Mbona hukutuambia?» Akatazama upande. «Baba hukuuliza. Ulikuwa umekwisha kujua.»

Neno lile lilituchoma, na halikuwa na ukali wowote ndani yake.

Mvua ilipita baada ya saa moja. Mara hii yeye alipanda ngazi, na sisi tulikaa mbele ya televisheni. Akakata tena ncha ya waya, kwa maana aliona nyuzi moja ya ule wavu wa nje yakaribia kugusa waya wa katikati. Ikigusa, yaweza kuharibu kazi yote. Akaligeuza jicho katika kishikio chake karibu nusu ya pembe mraba, kwa sababu setilaiti ile yaonekana kwetu imeinama, nayo mawimbi yake huja yameinama vilevile. Akausimamisha ungo. Kisha akaanza kuusogeza, upana wa ukucha kwa mara moja, akingoja.

Sisi tukashindwa kuvumilia, tukapaza sauti toka ndani: «Endelea, endelea!»

Naye akajibu toka juu: «Ngoja kwanza, Baba. Dekoda haijibu papo hapo. Asubuhi ulikuwa ukiuliza, na kabla haijajibu umekwisha kusogeza tena.»

Tukangoja. Ubora sifuri. Tukangoja tena. Mara mstari wa pili ukaruka: 31. Kisha 52. Kisha, alipoligusa jicho kidogo tu, 73. Yule msichana alipiga kelele mpaka jirani wakarudi ukutani. Mama wa watoto akatoka jikoni akipangusa mikono, akatutazama sisi, akamtazama mtoto juu ya ngazi, akacheka bila kusema neno.

Kesho yake, Jumapili, saa nne ya usiku, nyumba yetu ilijaa watu. Leopards walicheza na Misri, wakatoka sare moja kwa moja, na kwa penalti wakashinda nane kwa saba. Penalti ya mwisho aliipiga golikipa wetu mwenyewe, Lionel Mpasi. Mtoto alikuwa ameketi karibu nasi, naye katika furaha ile alitushika bega. Ilikuwa siku nyingi hajatugusa.

Lakini usiku tunaoukumbuka zaidi ni ule wa tarehe 7 ya mwezi wa pili, walipocheza Abidjan na wenyeji wa nchi ile. Wimbo wa taifa ulipokuwa ukiimbwa, wachezaji wetu walifunika vinywa vyao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, kama bunduki. Hapo nyumbani kila mtu alinyamaza. Tulishindwa usiku ule, bao moja kwa sifuri. Lakini watu walipokwenda zao, mtoto hakwenda kulala.

«Baba,» akauliza, «mbona walifunika vinywa?»

Jibu refu la mwalimu lilikuwa tayari ulimini. Tukalizuia. Tukamwambia: «Wewe waonaje?» Kisha tukangoja, kama alivyotufundisha juu ya ngazi.

Akakaa kimya kitambo. Akasema: «Nafikiri ni kwa ajili ya watu wa Mashariki wanaouawa. Wanalia, na hakuna anayewasikia. Ni kama wamefungwa vinywa.» Tukazungumza juu ya Goma na Bukavu, juu ya jamaa zetu walio huko, juu ya woga wake, ambao hatukujua kama anao. Ilikuwa saa nane ya usiku tulipozima taa. Na kabla ya kulala tulimwomba radhi kwa maneno ya usiku ule wa mlangoni. Baba kumwomba mtoto radhi si desturi ya wengi kwetu. Lakini deni ni deni.

Wasomaji wapenzi, kama mwataka kuweka ungo nyumbani, sikieni mashauri ya mtu aliyekosea. Simikeni nguzo wima. Msipime uso wa ungo. Fuateni alama zilizoandikwa katika kishikio chake. Chungeni ncha za waya, na fungeni vizuri viungo vilivyo nje ili maji yasiingie. Majira ya mvua, radi zinapokaribia, chomoeni waya katika dekoda na umeme ukutani, kwa maana katika nchi yetu ya Katanga radi haina huruma. Na mvua kubwa ikikata picha kwa dakika chache, msipande juu kusogeza kitu, ngojeni ipite.

Watu wa mji wetu wanaita chombo hiki kwa neno la Kifaransa, parabole, na neno hilohilo ndilo wanaloitia mfano ambao Bwana aliusimulia makutano. Sisi twaupokea wetu kama mfano. Nyumbani mwetu Nguvu ilikuwa 84 siku zote: sauti yetu ilifika kila chumba. Lakini Ubora ulikuwa sifuri, kwa sababu baba hakuwa ameelekea alipo mtoto, wala hakumngojea ajibu.

Mabati ya jiko tuliyanunua baadaye. Tuliyapigilia sisi wawili, na aliyeshika ngazi tulikuwa sisi.