Mgongo wa Baba

Baba yangu analima mpunga na kakao hapa Kyela. Ana miaka 68. Mwaka juzi alianza kushindwa kutembea. Akienda hatua mia mbili, miguu iliuma na kufa ganzi. Akikaa au akiinama, maumivu yalipungua. Lakini kwa baiskeli alifika Ipinda bila taabu.

Watu walimcheka. "Baiskeli anaiweza, kutembea hawezi! Mvivu huyo." Nami, mwanawe, niliwaamini. Najuta.

Hospitalini mganga alitueleza. Ndani ya uti wa mgongo mna njia ya mishipa ya fahamu. Mtu akizeeka, mifupa na kano za mgongo huweza kunenepa. Njia huwa nyembamba, mishipa ikabanwa. Ukisimama wima, njia hubana zaidi. Ukiinama, kama juu ya baiskeli, hupanuka kidogo.

Baba alipewa dawa ya maumivu na mazoezi. Wengine huhitaji kupasuliwa.

Ndugu msomaji, ukishindwa kukojoa, choo kikikutoka bila kujua, au miguu ikilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mgonjwa usimcheke. Msikilize.