Vyungu Vyeusi vya San Ildefonso

Kando ya mto Rio Grande, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, kipo kijiji cha San Ildefonso. Wakazi wake ni Wapueblo, wenyeji wa nchi hiyo tangu kabla ya kufika Wazungu, nao husema lugha ya Kitewa. Kijiji hiki kidogo kimejulikana duniani kwa vyungu vyake vyeusi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, sufuria na ndoo za dukani zilikuwa zimekwisha kuvisukuma vyungu kando. Bibi Maria Martinez, aliyejifunza kufinyanga kwa shangazi yake, aliifufua kazi hiyo pamoja na mumewe Julian. Yapata mwaka 1919 Julian alivumbua namna ya kuchora nakshi zisizong'aa juu ya weusi unaong'aa. Siri hiyo hawakuificha. Waliwafundisha jirani zao, na kijiji kilichotegemea mashamba kikapata fedha. Julian alifariki mwaka 1943, mwaka uleule jeshi la Marekani lilipoanza kutengeneza bomu la atomiki huko Los Alamos, mlimani juu ya kijiji. Bibi Maria aliendelea kufinyanga, nakshi akichora mkaza mwanawe Santana. Alifariki mwaka 1980.

Vyungu hivyo havipakwi rangi nyeusi. Udongo wake ni mwekundu, nao huchanganywa na majivu ya volkeno. Mfinyanzi hatumii gurudumu: huviringisha udongo kama kamba, huzipanga kamba hizo duara juu ya duara, kisha hukwangua kuta kwa kipande cha kibuyu. Chungu kikikauka hupakwa uji wa udongo na kusuguliwa kwa kijiwe laini, ambacho mara nyingi ni urithi wa mama kwa binti. Hapo hapana kupumzika, kwani uji ukikauka kabla ya kung'aa, kazi huanza upya.

Weusi huja motoni. Kuni huwashwa chini ya vyungu asubuhi isiyo na upepo, na moto ukishakolea hufunikwa ghafla kwa samadi ya farasi iliyopondwa. Hewa hukatika, moshi hukosa pa kutokea, na masizi yake huingia katika udongo. Chungu chenye unyevu uliojificha hupasuka. Moto ukipenya hewa, doa hubaki. Kazi ya majuma yaweza kuishia vigae. Mfinyanzi hawezi kuchungulia. Hungoja tu, hata majivu yafukuliwe na vyungu vitolewe kimoja kimoja, vingali vya moto.