Hamsini ya Mjomba

Sisi tuliokulia Mpale hatukuzoea kupima safari kwa kilomita wala kwa maili. Ukimwuliza mzee kwenda mahali fulani ni mbali kiasi gani, alikujibu kwa jua: ukitoka alfajiri, jua likiwa utosini utakuwa umefika. Kipimo hicho kilitutosha, kwa kuwa mwendo wetu ulikuwa mmoja tu, mwendo wa miguu.

Vipimo vingine nilikutana navyo shuleni. Mwalimu wetu wa hesabu alimpenda Filbert Bayi, kama sisi sote. Siku moja akaandika ubaoni: tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tarehe 17 Mei 1975, Kingston, Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia. "Je, wapi alikwenda kasi zaidi?"

Darasa likanyamaza. Akatuonyesha njia. Maili moja ni mita 1,609. Gawa mita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3.6, kwa sababu saa ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000. Tukapata kilomita 25.4 kwa saa kule Christchurch, na 25.1 kule Kingston. Akatupa na njia ya mkato: maili zidisha kwa 8, gawa kwa 5, utapata kilomita.

Mjomba wangu alikuwa na Land Rover kuukuu, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi. Siku moja nilikaa naye mbele tukienda Korogwe. Tulipoingia kwenye lami, penye nyumba za watu, kibao kilisema 50. Mjomba akaufikisha mshale kwenye 50, akautuliza hapo.

"Unaona, mjomba," akaniambia, maana naye huniita hivyo, "mimi sheria naifuata."

Lakini mimi nilikuwa nimeziona herufi ndogo chini ya mshale. Saa ile ya spidi ilihesabu maili. Hamsini mara nane, gawa kwa tano: tulikuwa tunakwenda kilomita 80 kwa saa. Nilijua, nikanyamaza. Mtoto amfundishe mjomba wake udereva, tena mbele ya abiria?

Hatukufika mbali. Binti mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani akaingia barabarani. Mjomba akakanyaga breki, gari likaserereka, abiria wakapiga kelele. Liliposimama, ndoo ilikuwa imepondeka chini ya gurudumu. Binti alikuwa kando ya barabara, amelowa, analia, lakini mzima.

Usiku ule sikulala. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hula mita 14 kila sekunde. Kwa 80, hula mita 22. Mita nane kwa kila sekunde, na mimi nilizinyamazia.

Asubuhi nikamweleza mjomba yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu pale kwenye kibao, mjomba."

Akainama kwa muda. "Basi siku nyingine usiniheshimu hivyo."

Siku hiyohiyo alinunua ndoo mpya, akaipeleka mwenyewe kwa wazazi wa binti. Kisha akaazima rangi ya kucha ya mkewe, akachora mstari mwekundu juu ya kioo cha saa ya spidi, mbele kidogo ya 30. Maili 31 ndizo kilomita 50. Tangu siku ile, penye nyumba za watu, mshale haukuupita mstari ule.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Nami naongeza langu: anayejua hesabu akaificha, hana tofauti na asiyeijua.