Msumari Mmoja wa Mjomba

Ukuta wa udongo haushiki msumari. Ukipigilia pasipo mti, udongo unamong'onyoka na msumari unakudondokea mguuni. Mjomba wangu aligongagonga kuta za nyumba yake pale Mocímboa da Praia kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, mpaka akapata mti mmoja mnene ukumbini. Hapo akapigilia msumari wa inchi tatu. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na huo ukumbi, na usiku mikeka ikishatandikwa hapakuwa na pa kukanyaga. Vitu vyake vya mpira, ambavyo vilikuwa vingi, vikapewa msumari huo mmoja.

Vingine vilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda cha kamba: jezi ya timu ya mjini aliyochezea ujanani, filimbi, ngozi ya mpira iliyoshonwa na kushonwa upya, na bati la biskuti lenye picha za magazeti zilizofungwa pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Sheria yake ilikuwa fupi. Kimoja kinapanda, kilichokuwa juu kinashuka. Sanduku lenyewe halipo tena. Mji ulipotekwa Agosti 2020 tulikimbia kwa jahazi na sufuria na mikeka, kwa hiyo ninayoyasimulia hapa nayatoa kichwani.

Mwanzoni alikuwa akibandika ukutani kwa gundi ya muhogo, kama watu wote. Mende waliipenda gundi ile kuliko sisi tulivyozipenda picha. Ndipo akageukia kuning'iniza: picha juu ya kipande cha ubao wa sanduku la chai, kamba ya usumba nyuma, basi.

Kilichopanda kwanza ni picha ya Eusébio, mwaka 1966. Tarehe 23 Julai, baada ya alasiri, wanaume walijazana barazani kwenye kantina ya Mreno mmoja aliyekuwa na redio, kusikiliza mechi ya Kombe la Dunia, na sisi watoto wa chuo tukajipenyeza katikati ya miguu yao. Kabla nusu saa haijafika, Korea Kaskazini walikuwa na mabao matatu, Ureno sifuri. Mwenye kantina akataka kuzima redio. Mjomba akamsihi asizime. Eusébio akafunga manne peke yake, José Augusto akaongeza la tano, mechi ikaisha 5-3. Mreno yule alishangilia Ureno. Mjomba alirudi nyumbani akihesabu kwa vidole waliozaliwa kwetu Msumbiji: Eusébio, Coluna nahodha, Hilário, Vicente. Alihesabu kwa sauti ya chini, maana vita vya uhuru vilikuwa vimeanza Chai, kusini mwetu, miaka miwili nyuma, na jamaa zetu wengi walikuwa wameshavuka Ruvuma kuingia Mtwara.

Bibi ndiye aliyeleta taabu. Mti ule ulikuwa upande wa kaskazini, na kwetu kaskazini ndiko kibla. Alisema malaika haingii nyumba yenye picha, sembuse picha ya mtu aliyevaa kaptura mbele ya uso wa mwenye kuswali. Mjomba hakuwa na mti mwingine wa kumpa. Wakaafikiana kuwa adhana ikilia Eusébio anageuzwa, na kazi ya kumgeuza ikawa yangu. Ndiyo maana naukumbuka mgongo wa ule ubao vizuri kuliko picha yenyewe: herufi nyeusi za chapa ya chai, nusu yake imekatwa na msumeno.

Siku moja askari wa Kireno waliingia kupekua, wakitafuta barua kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mmoja alipomwona Eusébio alicheka, akapiga saluti. Kisha akalimwaga sanduku lote sakafuni vilevile.

Uhuru ulipokuja, Juni 1975, kijana mmoja wa mtaani akamwambia mjomba kwamba nembo ya Ureno haifai tena ukutani. Mjomba hakubishana naye. Alikata karatasi nyeusi ndogo akaibandika kifuani mwa Eusébio, kwa gundi ileile ya muhogo kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mende wakafanya kazi yao, na nembo ikachungulia tena. Nadhani hakujisumbua mara ya pili.

Halafu akaja Mutola. Binti wa Maputo aliyeanza kwa kucheza mpira na wavulana, mpaka mshairi José Craveirinha akamwelekeza kwenye riadha. Tarehe 25 Septemba 2000, siku ileile tunayokumbuka risasi za Chai, alishinda mita 800 kule Sydney, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yetu. Picha hiyo hakuileta mjomba. Aliileta mkaza mjomba, akamshusha Eusébio mwenyewe, akapandisha. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kugeuza kukaendelea, safari hii kwa mikono ya wajukuu.

Mutola akakaa juu miaka. Mjomba alijaribu mara moja moja kurudisha zamu, lakini asubuhi akiamka anamkuta Mutola amesharudi mahali pake.

Mwaka 2014 Eusébio alifariki Lisbon tarehe 5 Januari, na tarehe 25 Februari akafuata Coluna, kule Maputo. Barazani kukawa na ubishi: nani apande? Vijana walimtaka Eusébio, mfungaji. Mjomba, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, alimtaka Coluna. Alisema Coluna ndiye aliyerudi kuishi nchini, akaja kuongoza shirikisho la mpira. Kelele zikafika uani. Mkaza mjomba akatoka na mwiko mkononi.

"Hao wameshakufa," akasema, "hawana haraka. Mwanangu yu hai, hashuki mtu."

Mjomba akaagiza bati la biskuti lirudishwe chini ya kitanda.