Mtandao Ulipofika Kila Chumba

Mama mwenzangu, zamani mwanamke alipotaka kujua nani ameingia nyumbani mwake, ilitosha kutazama mlangoni. Mgeni alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi barazani, na mwenye nyumba akajua amekuja na habari gani. Siku hizi wapo wageni wasiopiga hodi. Hupita hewani, na huketi kitandani na watoto wetu huku sisi tuko jikoni tunachagua mchele.

Sisemi haya kwa kuichukia intaneti. Mwaka huu tumeifikisha katika kila pembe ya nyumba yetu hapa Bagamoyo, na ninamshukuru Mungu kwa faida tuliyoipata. Lakini kazi hiyo ilinifundisha jambo ambalo fundi hakulitaja, nalo ndilo ninalopenda tushirikishane.

UKUTA WA MATUMBAWE

Tunaishi Dunda, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Sehemu ya mbele ni ya kale, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Ng'ambo ya ua tuliongeza vyumba vya matofali ya saruji kadiri watoto walivyoongezeka. Chumba cha mwisho kabisa ni cha mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi.

Ruta yetu ya kwanza ilikaa sebuleni. Hapo waifai ilikuwa nzuri. Ukivuka ukuta mmoja ilififia, ukivuka wa pili ilikufa. Fundi alitueleza sababu. Mawimbi ya redio yanayobeba waifai hupungua nguvu kila yanapopenya kitu kinene. Ukuta wa mawe huyameza, maji yaliyomo tangini huyanyonya, bati na mlango wa friji huyarudisha yalikotoka. Tena mawimbi hayo mara nyingi ni ya namna mbili. Ya gigahezi 2.4 huenda mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole. Ya gigahezi 5 ni ya haraka, lakini huchoka mapema. Katika nyumba kama yetu namna zote mbili zilishindwa kufika uani.

Aliyeumia zaidi ni Bibi. Binti yake anafanya kazi Muscat, na kila Jumapili jioni hupiga simu ya picha amwone mama yake. Miguu ya Bibi ni mibovu. Kutoka chumbani kwake hadi sebuleni kuna ua ambao wakati wa masika huteleza, na vipandio vitatu. Jumapili ya mvua alikuwa akituambia, "Mwambieni nimelala." Hakuwa amelala. Nilikuwa nikimkuta amekaa kitandani, ameshajifunga kanga yake nzuri.

Kwa ajili hiyo nilipopata mgao wangu wa kikoba, mimi na baba watoto tulikubaliana kwamba kazi ya kwanza ni kufikisha mtandao chumbani kwa Bibi.

MTANDAO KAMA WAVU

Tungeweza kununua kifaa kimoja cha kurudia mawimbi, ambacho bei yake ni ndogo. Lakini vifaa vingi vya namna hiyo hupokea na kutuma kwa wimbi lile lile, hivyo kasi hupungua sana. Mara nyingi pia huleta jina la pili la mtandao, na simu huendelea kung'ang'ania lile la kwanza hata likiwa dhaifu.

Njia nyingine mafundi huiita meshi, maana yake matundu ya wavu. Sisi wa pwani hatuhitaji maelezo marefu. Shuka ufukweni, karibu na soko la samaki, utazame nyavu zilizoanikwa: kila fundo limeshikana na mafundo ya jirani. Ndivyo vilivyo vituo vya meshi. Unaweka viwili, vitatu au zaidi, vyote vikiwa na jina moja na neno la siri moja, navyo hupokezana habari. Mtu akitoka sebuleni kwenda uani na simu yake, kituo kimoja humkabidhi kwa kingine, wala mazungumzo hayakatiki.

Kwa faida yako unayefikiria kufanya hivyo, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kituo kisiwekwe ndani ya chumba ambacho mtandao haufiki. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo bado kinasikia vizuri kituo kilichotangulia. Kituo kisichosikia hakina cha kupeleka mbele.

Pili, ukuta mnene usishindane nao. Sisi tulipitisha waya wa mtandao juu ya mlango wa ua, ukaunganisha kituo cha mbele na cha nyuma. Waya huo unaweza kufika mita 100, na unene wa ukuta si kitu kwake.

Tatu, kila kituo kinataka umeme. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha, mtandao wote unalala, isipokuwa kama una betri ndogo ya akiba. Wakati wa radi chomoa vyote. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi inayokula vyuma, usiweke kifaa dirishani upande wa bahari.

Nne, meshi haiongezi intaneti inayoingia nyumbani, inaisambaza tu. Kama kifurushi chako ni kidogo, watu wakiongezeka kitakwisha upesi zaidi. Uliza kwanza kinachoingia, ndipo ununue vya kusambazia.

Tuliweka vituo vitatu: sebuleni, karibu na mlango wa ua, na kwenye ujia kati ya vyumba vya watoto na cha Bibi. Bibi alichukua kasha la vifaa akasoma neno lililoandikwa juu yake kwa Kiswahili chake. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, umeletewa wifi mwingine. Na huyu anakula umeme!"

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Bibi alikaa kitandani kwake, akamwona binti yake, wakazungumza hadi giza likaingia. Nilipowapelekea chai niliwakuta wanaimba pamoja wimbo wa kanisani, huyu Bagamoyo, yule Muscat. Kwa saa ile peke yake, fedha yangu ya kikoba ilikuwa imerudi.

SEBULE ILIPOBAKI TUPU

Baada ya wiki mbili niligundua jambo. Sebule ilikuwa tupu. Hapo awali kila aliyetaka mtandao alilazimika kuja pale. Mmoja anasoma masomo yake, mwingine anatazama mpira, baba anasoma habari, nami nashona. Nilisikia wanachocheka, na nilijua wanachotazama bila kuuliza. Ule ukuta wa matumbawe tuliokuwa tukiulaumu ulikuwa ukitukusanya. Sasa saa ya sala ya jioni niliita, nikajibiwa "Nakuja!" kutoka vyumba vinne tofauti.

Kisha lilitokea lililo kubwa kuliko hilo. Bibi hulala kidogo, kama wazee wengi. Usiku mmoja, saa saba, aliona mwanga chini ya mlango wa binti yetu mwenye umri wa miaka 14. Hakupiga kelele wala hakuniamsha. Alimwita tu, "Mjukuu wangu, njoo unikande miguu." Mtoto akaenda. Katika kukanda, na kimya cha usiku, akaanza kusema. Kulikuwa na mtu asiyemjua aliyekuwa akimwandikia kwa wiki nzima. Alimwita mdogo wangu, alimsifu, alimpa pole ya mitihani. Usiku ule alikuwa ameomba picha, na si ya uso.

Asubuhi Bibi alituita mimi na mume wangu. Kabla hatujafungua midomo alisema, "Huyu mtoto amekimbilia kwenu. Msimpige mtu aliyekimbilia kwenu." Mume wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akamshika binti yake mkono. Tulihifadhi zile jumbe kuwa ushahidi, tukamfungia mtu yule asiweze kuandika tena, na tukaenda kutoa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Mama mwenzangu, shika hili moyoni. Utafiti kuhusu Tanzania uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba ni watoto wachache mno waliodhulumiwa mtandaoni wanaofika polisi au kupiga simu ya msaada. Wengi hukaa na siri yao. Mtoto huogopa kunyang'anywa simu, huogopa fimbo, huogopa aibu, na mtu mbaya huitegemea hofu hiyo. Iko Simu ya Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Mfundishe mwanao namba hiyo. Lakini zaidi ya hapo, mfanye ajue kwamba mlango wa kwanza wa kukimbilia ni wako.

UKINGO WA DARI

Mji wetu umezoea habari za mbali. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868. David Livingstone alipofariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akina Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ni safari ya miezi zaidi ya tisa. Enzi hizo umbali wenyewe ulikuwa mlinzi. Aliyetaka kumfikia binti yako alipaswa kutembea, kuonekana na watu, na kuulizwa anakwenda kwa nani. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na umbali ule ukafutika. Mlinzi aliyebaki ni nyumba.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamo maagizo kwa mtu anayejenga nyumba mpya: azungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka. Nimeyatafakari sana. Mungu hakuwakataza watu kupanda darini. Dari za nchi ile zilikuwa bapa, watu walianika vitu huko, walipumzika na kuomba. Aliagiza tu ukingo, na aliyeagizwa ni mwenye nyumba, si mpita njia.

Basi jioni moja tuliketi wote, Bibi akiwa kwenye kiti chake, tujenge ukingo wetu. Binti yetu aliuliza kwa upole, "Na baba je? Maana hata mezani anasoma simu." Watoto wengine walitazama chini. Baba yao alicheka, akasema, "Sheria ianze na mimi." Nadhani neno hilo lilifanya kazi kuliko mitambo yote.

Tulipatana hivi. Saa tatu na nusu usiku simu zote za walio chini ya paa letu, baba na mama wakiwemo, hulala katika kikapu cha ukindu sebuleni. Anayetafutwa kwa dharura atasikia mlio. Simu ya Bibi ndiyo pekee inayobaki kwake.

Kituo cha tatu tulikihamisha kutoka kwenye ujia tukakiweka kibaraza cha jikoni, kikielekea mlango wa Bibi. Kwake mtandao ni mzuri kama mwanzo. Vyumbani mwa watoto unafika kwa uchovu. Anayetaka kusoma hukaa kibarazani au sebuleni, mahali penye watu.

Ruta nyingi za namna hii huweza kutoa mtandao wa pili. Tuliwapa watoto jina lao, nalo hujifunga lenyewe usiku na kufunguka asubuhi. Fundi alibadilisha pia maneno ya siri yaliyotoka kiwandani, na mahali pa DNS akaandika namba 1.1.1.3. Hiyo ni huduma ya bure ya Cloudflare, iliyoanza mwaka 2020, inayokataa kufungua kurasa zinazojulikana kuwa za uchafu au za wizi. Haizuii yote. Mtoto mwenye kifurushi chake ataipita pembeni, na jumbe za mtu mwovu hazipiti njia hiyo. Kwa hiyo usiifanye kuwa mlezi.

Malezi ni yale yale ya siku zote: kukaa nao, kula nao, kuuliza na kusikiliza. Bibi hajui DNS ni kitu gani, lakini alimwokoa mjukuu wake kwa miguu inayouma na sikio lililo tayari.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, fundi atakapokuja kwako na kuuliza unataka vituo vingapi, usikimbilie kujibu. Tembea kwanza nyumbani mwako jioni moja. Tazama mzee wako anakaa wapi peke yake, watoto wako unapenda wakusanyike wapi, na chumba gani kinafaa kibaki na kimya chake. Ukishalijua hilo, mwonyeshe fundi kwa kidole. Yeye anajua mawimbi, bali nyumba unaijua wewe.

Mungu awape hekima wote wanaojenga, na awalinde wote wanaolala ndani.