Fremu Kuukuu za Chuma

Wako watu Uingereza wanunuao fremu tupu za baisikeli za zamani, zisizo na magurudumu wala mnyororo, na pengine bei yake hupita ya baisikeli mpya. Si wazimu. Mwaka 1935 kampuni ya Reynolds, mjini Birmingham, ilitoa mabomba ya chuma yaitwayo 531: manene kwenye ncha yanapoungwa, membamba katikati. Ndiyo maana fremu ni nyepesi, na nguvu inayo.

Lakini karatasi yenye namba 531 hubandikwa hata juu ya chuma duni. Basi twashauri mnunuzi apime tundu la nguzo ya kiti. Fremu nyingi za 531 halisi hupokea nguzo ya milimeta 27.2, tundu likiwa dogo zaidi, na aulize, kwani bomba nene lina tundu dogo.

Kisha apitishe kidole chini ya bomba la mbele, karibu na shingo. Akigusa mkunjo, hata mdogo kama ukucha, fremu hiyo iligongwa. Rangi mpya huuficha machoni, bali kidole huuona. Aiendeshaye mteremkoni huhatarisha maisha yake. Sisi twaona isiuzwe ila kwa mtu wa kuitundika ukutani, naye aambiwe.